Kengele Tatu kwa Shimo la Itumbwe

1.

Moja: simama.
Mbili: teremsha.
Tatu: pandisha watu.

Hizo ndizo zilikuwa kengele za mgodi. Aliyekuwa chini alivuta kamba, aliyekuwa juu akaendesha lifti. Mgodi umefungwa zamani. Sisi wa Itumbwe bado tunazipiga, kwa kengele za baiskeli, kila tunapopita kwenye shimo kuu. Tatu. Mtoto hufundishwa hilo kabla ya breki.

2.

TANGAZO

Ofisi ya Utalii ya Mji inawaarifu waongozaji wote wa watalii kwa baiskeli kuwa Njia ya Urithi itaanzia nyumba ya meneja, itapita uwanja wa gofu na kuishia klabu ya zamani. Eneo la shimo kuu si sehemu ya urithi. Ni marufuku kupiga kengele karibu na uzio, kwa kuwa kunasababisha usumbufu kwa wageni wa hoteli. Atakayekiuka atanyang'anywa kitambulisho cha kazi.

3.

Ninaitwa Ikupa. Kitambulisho kinaning'inia shingoni mwangu. Ndicho kinachotulisha mimi na bibi.

Nyumba ya meneja nimeisimulia mpaka ulimi umeota sugu. Bafu lake lina miguu ya simba. Wageni hulipiga picha.

Hakuna anayeuliza nani alikuwa akilijaza maji.

4.

Bibi Tumpe, akichambua maharage:

"Mjane mwiteni mwingine. Mimi shimo liliporomoka babu yako akiwa chini. Wakamwaga zege juu, wakaniletea blanketi. Blanketi, Ikupa. Maiti sijapewa mpaka leo. Nikampelekea chakula chake kwa baiskeli, nikapiga tatu. Kesho yake nikapiga tatu."

"Na wakininyang'anya kazi, bibi?"

"Tutakula blanketi."

5.

— Dada mwongozaji, mbona tunakata kushoto? Kibao cha Njia ya Urithi kinaonyesha kulia.

— Kibao hakina babu.

6.

Na wewe unayesoma, panda. Kuna nafasi kwenye keria. Barabara ya shimo haina lami, ina changarawe nyekundu na mteremko usio na huruma. Huku kushoto zilikuwa kambi za wachimbaji, vyumba vya bati ambavyo wanaume walilala kwa zamu, mmoja akiamka mwingine anajilaza palipo na joto lake. Hakuna bafu. Hakuna simba.

Shika vizuri.

7.

Mlinzi wa uzio ni Ambakisye. Tulisoma darasa moja. Babu yake na wangu waliteremka mara ya mwisho kwa lifti moja.

"Ikupa, geuza wageni."

"Nzuri, na wewe?"

"Nimepewa amri."

"Na sare. Inakubana kwapani."

Wageni wakacheka. Yeye hakucheka.

"Haya, pita. Ila kengele usiiguse. Nikiisikia nachukua hicho kitambulisho. Nina watoto, mwenzangu."

Nikakivua, nikakitundika kwenye waya wa uzio wake.

8.

Moja.

9.

Mbili.

10.

Kiganja cha Ambakisye kikafunika kengele yangu.

Upepo tu, na mnyororo wa baiskeli ya mtu ukilialia.

"Ambakisye," nikasema, "umezikatisha kwenye mbili."

Hakuna mtu wa Itumbwe anayeishia mbili. Mbili ni teremsha. Ukiishia hapo, unawashusha zaidi.

Akatazama barabara ya kwenda ofisini. Akatazama zege. Mgeni aliyekuwa akipiga picha akaishusha simu bila kuambiwa.

Kiganja bado kiko pale. Ningeweza kukisukuma. Sikisukumi. Mbili nimepiga mimi, na kitambulisho changu kiko kwenye waya, wakitaka waje wakichukue. Lakini hii ya tatu ni ya—

Kidole gumba chake kimegusa chuma.

Tunasubiri, mimi na yeye.

Na wa chini.