Dakika za Kavata

Katikati ya mwaka wa 1986, kila Ijumaa jioni, Nzuki alipanda kilima cha nyuma ya kijiji cha Ikutha na redio kaseti mbili. Moja ilikuwa ya kazi. Ya pili ilikuwa yake mwenyewe, na hiyo aliifunika kwa koti.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kwenye mdomo wa pango alitega kidude cha Daktari Mishi, mtafiti wa popo, kinachogeuza milio ya popo isiyosikika na mtu kuwa tik-tik, kama mahindi kikaangoni. Redio inanasa, na kila dakika tano mtu mmoja anataja muda, ili Mishi akihesabu kule Nairobi ajue popo wangapi walitoka lini.

Kwa miaka minane aliyetaja muda alikuwa Kavata, mkewe. "Dakika tano," alikuwa akisema, saa karibu imguse pua. Halafu, kwa vile kunyamaza kulimshinda: "Nzuki, umesinzia?" Nzuki hakumjibu hata siku moja. Sauti ya mtu mmoja tu, tena ya kutaja muda tu, ndivyo walivyoagizwa, naye alikuwa mtu wa kufuata maagizo mpaka anaudhi.

Mwezi wa nne mwaka huo homa ikamuua Kavata. Nyumbani ilibaki kaseti moja ya mwaka uliotangulia, haijatumwa. Nzuki akaanza kuicheza pale pangoni kwa redio ya pili, ili Kavata ataje dakika kama kawaida. Alikuwa na hamu naye, basi.

Mwezi wa nane Mishi akaja mwenyewe pangoni.

"Mzee, nilisikia popo wameongezeka mara mbili, nikafurahi sana. Halafu nikasikiliza tena. Hiyo sauti ni ya mama."

Nzuki akafunua koti.

"Pole, Mzee. Lakini ukimcheza mama, popo wa mwaka jana wanatoka na yeye. Siwezi kuwatenganisha. Na hawa wa sasa naona wanapungua. Lazima nijue ni wangapi kabla hawajaisha."

"Hata nikiweka sauti chini?"

"Hata chini, Mzee."

Ijumaa iliyofuata alipanda na redio moja. Saa ya Kavata ilikuwa mkononi mwake, mkanda haufiki, ameushikilia kwa kidole. Popo walipoanza kutoka, akabonyeza.

"Dakika tano," alisema. Akangoja lile swali, ingawa alijua kabisa haliji. Popo wachache wakapita.

Kwa mara ya kwanza katika kazi hiyo, Nzuki akavunja agizo. Akainamia redio.

"Sijasinzia, Kavata," alisema. "Sijasinzia."