Handaki la Tajudin

Kila mvua kubwa za Aprili zilipokatika, Tajudin alishuka kwenye chumba cha chini ya nyumba, penseli sikioni, akatafuta mahali maji yalipofikia ukutani, akapiga mstari. Juu ya mstari aliandika mwaka na maneno mawili matatu, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofunzwa na babu yake, mfanyabiashara wa pwani aliyeijenga nyumba ile kwenye mteremko wa Mengo, Kampala. "1959. Maji yamefika kifundoni. Nusura anataka fundi. Nimemwambia kesho." "1964. Maji yamepungua. Maneno ya Nusura hayajapungua. Kesho, inshallah."

Kazi yake ilikuwa kujalidi misahafu na vitabu vya shule, na kile chumba alikiita handaki. "Nashuka handakini," alisema kila baada ya chakula, na Nusura, mkewe, alijua bwana huyo anayakimbia maneno ya fundi. Jamani, watu wale walipendana! Harufu ya gundi na ya ukuta mbichi ilipopanda ngazini, Nusura alijua mumewe yupo.

Mwaka 1973, siku za serikali ya wanajeshi, wanaume wawili wenye miwani myeusi walimkuta Tajudin mtaani Wandegeya akipeleka vitabu, wakamwita "kwa dakika tano tu." Dakika tano hizo hazijaisha.

Miaka miwili baadaye unyevu ukaanza kula chokaa ya ukuta ule. Asubuhi moja Nusura alikuta 1961 yote imebanduka, imekuwa unga sakafuni. Akauzoa kwa kiganja, asijue pa kuuweka. Siku hiyohiyo akamwita fundi.

Otema, mwashi mzee kutoka kaskazini, aligonga ukuta, akaunusa. Kisha akatambaa kwa tumbo upande wa pili wa nyumba, ambako nafasi kati ya sakafu na ardhi yamtosha paka, akatoka na utando wa buibui kichwani.

"Mama, maji natoka huko juu ya mlima. Matundu ya hewa yote iliziba na udongo. Mimi naweza piga plasta hapa ndani, siku mbili, kwisha."

"Na maandishi?"

"Nabaki ndani ya plasta."

"Basi sitaki."

Otema akajikuna kidevu. "Iko njia ingine. Tunachimba huko nje mpaka chini ya msingi, tunapaka ukuta lami, tunapanga mawe, maji napata njia yake. Lakini ni kazi ya wiki mbili."

"Chimba, fundi."

Kosa alilifanya Nusura mwenyewe. Kwenye foleni ya sukari jirani alimwuliza mbona ana haraka, naye, kwa mazoea ya miaka, akajibu kwa sauti: "Nina mafundi nyumbani, wanachimba pale handakini!" Foleni yote ikageuka kumtazama. Kwake yeye handaki lilikuwa mumewe na gundi yake. Lakini Kiswahili cha Kampala siku zile kilikuwa cha kambi za jeshi, na kambini handaki ni shimo la watu wenye bunduki.

Kesho yake asubuhi akaja sajini na askari mmoja. Wakashuka na tochi. Sajini akamulika ukuta.

"Hii maandishi ni siri ya nani? Kwaruza yote!"

Askari akachukua sururu ya Otema. Nusura akasimama mbele ya ukuta. "Nitakusomea, afande. Nikimaliza, kwaruza ukitaka."

Akasoma, mwaka baada ya mwaka. Kwenye 1964 askari akakohoa kuficha kicheko. "1968. Nusura amenuna siku nne. Maji yamekauka kabla yake." Sajini akacheka hadi tochi ikacheza. "Hata bibi yangu iko hivyo! Lakini huyu bwana yako ni mvivu sana. Iko wapi?"

Nusura akausoma mstari wa mwisho: "1973. Sasa naona haya. Kesho kwa kweli namwita fundi."

Sajini akautazama mwaka ule, akatafuta mwingine baada yake, asiuone. Akamwashiria askari aiweke sururu chini, wakapanda ngazi. Alipofika juu alisema bila kugeuka: "Mama, maliza kazi yako. Lakini usiseme handaki tena. Sema stoo."

Tangu siku hiyo, mbele za watu, Nusura alisema stoo. Otema akazibua matundu, akapaka lami, akafukia mawe yake. Harufu ya lami ilikaa mtaani wiki nzima, majirani wakalalamika, Nusura akawaomba radhi mmoja mmoja.

Aprili iliyofuata mvua haikufanya mzaha. Ilipokatika, Nusura alishuka miguu mitupu. Sakafu kavu. Ukuta mkavu, na maandishi ya Tajudin yanasomeka yote yaliyosalia. Alifurahi sana. Halafu akaketi kwenye ngazi ya mwisho akalia, maana mwaka huu hapakuwa na mstari wa kupiga, wala mtu wa kumlaumu.

Alipotulia akaitoa penseli kwenye kopo la gundi iliyokauka, akainama pale ukuta unapokutana na sakafu, akaandika kwa herufi za mumewe:

"1976. Fundi alikuja. Maji hayakuja. Handaki lako ni kavu, Tajudin. Njoo."