Tarumbeta ya Mzee Nikodemo na Meno Mapya

Mzee Nikodemo Mazengo alipong'olewa meno ya mbele, watu wa Chang'ombe, Dodoma, walimpa pole kama mtu aliyefiwa, na kwa kweli alikuwa amefiwa. Mtu mwingine akikosa meno anakosa mahindi ya kuchoma tu. Mpiga tarumbeta akikosa meno amekosa kila kitu, maana chombo huegemea midomo, na midomo nayo huegemea meno. Akakaa kimya msimu mzima, akila ugali wa uwele kwa mlenda, mpaka daktari alipomwekea meno ya bandia, meupe kupita umri wake. Siku aliyorudi nayo nyumbani, mkewe Loisi alishika kiuno akamtazama kutoka juu hadi chini.

"Baba Debora," akasema, "wamekupa meno ya bwana harusi."

Harusi ilikuwepo kweli, ila si yake. Debora, mtoto wao wa pekee, aliyewafanya wazazi wangoje kuzaliwa kwake mpaka wakakata tamaa, alikuwa anaolewa mwisho wa mwezi ule, katika kanisa lile lile alimobatizwa. Na bendi ya tarumbeta ya kanisa hilo ina desturi yake, ambayo wanabendi wanaishika kuliko hata sare zao. Mwanabendi akioza binti, hamshiki mkono kumpeleka mbele. Kazi hiyo anaachiwa mjomba. Yeye husimama mlangoni na chombo chake. Bibi harusi akishateremka garini, mzazi hupiga ubeti wa kwanza wa wimbo peke yake, watu wote kimya. Ubeti wa pili bendi nzima inadakia, ndipo msafara unaanza kutembea.

Nikodemo alikuwa amesimama nyuma ya wazazi wa namna hiyo tangu hana mvi hata moja. Kila mara alidakia ubeti wa pili huku akijisemea moyoni kwamba siku yake nayo itafika. Debora alipokuwa mdogo, baba yake aliwahi kumwahidi, akiwa amempakata, kwamba siku atakapoolewa atamfungulia mlango kwa tarumbeta. Mtoto alisahau. Baba hakusahau.

Kwa hiyo meno yalipopatikana hakutaka mchezo. Aliitoa tarumbeta chini ya kitanda, akakaa nayo uani pamoja na majivu na ndimu, kama bendi yote inavyosafisha vyombo vyake, akaanza kusugua. Aliachiwa chombo hicho na marehemu Meshack, mpigaji wa zamani wa bendi, ambaye naye alikipata kwa wageni waliokuja kulitembelea kanisa kutoka Ulaya. Kwenye kona moja ya bomba Meshack alikuwa amezungusha waya mweusi, na miaka yote Nikodemo aliamini kwamba waya ule umeshikilia ufa. Safari hii ulimchukiza. Waya mweusi, kwenye harusi ya Debora? Akaukata kwa koleo. Hakukuta ufa wowote. Alikuta kijikono kidogo cha shaba kilichojaa uchafu wa kijani, akakisugua kwa majivu mpaka nacho kikang'aa kama pete. Waya akautupa jalalani.

Jioni ile aliiweka mdomoni kwa woga. Meno yakatulia. Sauti ikatoka nene na laini, haina hata mkwaruzo. Akapiga wimbo wa harusi wote, na alipofika katikati akasikia sauti ikitoka jikoni. Loisi anaimba! Loisi aliyeacha kwaya ya akina mama zamani, akisema nyimbo zimepanda juu mno na koo limemgomea. Nikodemo akafurahi hata mate yakamwingia njia isiyo yake, akakohoa.

Furaha hiyo haikudumu. Siku ya mazoezi alipiga ubeti wa kwanza vizuri kabisa, na wenzake walipodakia ubeti wa pili, zikatoka kelele hata mbuzi wa jirani wakanyanyua vichwa. Batholomeo, mwalimu wa bendi, alipunga mikono kuwasimamisha.

"Mzee Nikodemo, uko chini."

"Chini?"

"Chini kidogo. Tuanze tena."

Wakaanza tena. Nikodemo alisukuma ndani bomba la kurekebishia sauti mpaka likagota, akakaza midomo mpaka masikio yakamwuma, na bado akawa chini. Aliona macho yote yamekwenda kwenye meno yake. Gaudence, kijana wa wizarani anayepiga tarumbeta ya pili, aliona aibu kwa niaba ya mzee akaanza kukagua kamba za viatu vyake.

Nikodemo alirudi kwa daktari. Daktari akakagua, akagongagonga, akasema meno yamekaa vizuri, labda midomo ndiyo imesahau kazi. Basi akaenda nyumbani kuikumbusha. Kila jioni alipiga, na kila jioni aliona hakosei. Nyumbani wimbo ulikuwa mzima. Kanisani ulikuwa mbovu. Akawaza kwamba ni uzee, kwamba masikio nayo yameng'olewa bila yeye kujua. Na kilichomkata maini zaidi ni Loisi, ambaye sasa aliimba naye kila siku, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mke aliyeacha kuimba anapoanza ghafla kukuimbia, alijiambia, ujue amekuonea huruma. Akawa anapiga ameugeukia ukuta ili asimwone.

Juma la harusi Batholomeo alimfuata nyumbani. Hakuwa mtu mbaya. Alikubali chai, akauliza habari za zabibu za Makutupora, ambako Nikodemo alifanya kazi maisha yake yote, akauliza habari za mvua ingawa wote wawili walijua haijanyesha. Mwishowe akaiweka chini bilauri.

"Kaka, siku ile ni ya mtoto," akasema. "Ubeti wa pili ukiharibika mlangoni, watu watacheka, na atakayeumia ni Debora. Nimefikiri hivi: Gaudence apige ule ubeti wa kwanza. Wewe umshike mwanao mkono, kama wazazi wengine."

Nikodemo aliumia, tena sana, na hakuona sababu ya kujidanganya kwamba hakuumia. Lakini alipiga moyo konde.

"Sawa," akasema. "Nina ombi moja. Apige kwa tarumbeta hii yangu. Nilimwahidi mtoto tarumbeta hii. Kama si kwa mdomo wangu, basi angalau iwe yenyewe."

Batholomeo akakubali upesi, maana alikuja amejiandaa kwa ugomvi.

Mazoezi ya mwisho yalikuwa jioni ya kuamkia harusi, na Debora naye alikuja na wasimamizi wake kujifunza mwendo. Upepo wa Dodoma ulikuwa unapeperusha vumbi uwanjani, kila mtu amekunja uso. Nikodemo aliifungua tarumbeta kutoka kwenye kanga ya mkewe, akamkabidhi Gaudence kwa mikono miwili.

"Shikamoo mzee," Gaudence akasema, ingawa walikuwa wameshasalimiana. Hakujua aseme nini kingine.

"Marahaba. Ipulize bila kuionea huruma."

Debora alisimama mahali ambapo gari litasimama. Alikuwa ameshaambiwa habari za mabadiliko, na uso ulikuwa umemshuka, lakini alimtabasamia baba yake. Nikodemo akaenda kumshika mkono. Gaudence akapiga ubeti wa kwanza. Kijana ana pumzi, lazima tuseme ukweli. Ubeti ulitoka umenyooka, wasimamizi wakaacha kuchekacheka wakasikiliza. Ukafika mwisho. Bendi ikadakia ubeti wa pili.

Mbuzi wa jirani wakanyanyua vichwa.

Batholomeo alipunga mikono, nusura aangushe kinara cha nota. Akamtazama Gaudence, akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Gaudence," akasema polepole, "uko chini."

Nikodemo aliuachia mkono wa binti yake. Alitembea uwanja ule wote kwa hatua ambazo hajazitembea tangu alipokuwa akikimbizana na ndege katika mashamba ya zabibu, akasimama mbele ya Gaudence.

"Kijana, una meno mangapi?"

"Yote, mzee."

"Ya kwako mwenyewe?"

"Ya kwangu mwenyewe, mzee."

"Fungua nione."

Gaudence akafungua kinywa, na wapiga tarumbeta, tromboni na ngoma wakanyoosha shingo kutazama. Meno yalikuwepo yote, hata magego. Nikodemo akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika magoti, mpaka machozi yakamtoka, na yale hayakuwa machozi ya kicheko peke yake. Mzigo wote uliokuwa umemlalia kifuani, uzee, midomo iliyosahau, masikio yaliyokufa, ulimtoka kwa mara moja. Si yeye! Kumbe siku zote zile si yeye!

"Ni chombo," akasema akifuta macho. "Jamani, ni chombo!"

Wakakizunguka. Batholomeo alikishika, akafuata mabomba kwa kidole, moja baada ya jingine, kama fundi anayetafuta bomba la maji linakovujia. Alipofika kwenye kona akakuta kile kijikono cha shaba kinachong'aa.

"Na hii koki ni ya nini?"

Maana ilikuwa koki kweli, ndogo, ya kugeuza robo mzunguko. Gaudence akaigusa, ikageuka kwa mlio mdogo. Akapuliza: sauti moja. Akairudisha, akapuliza: sauti nyingine, chini kidogo. Akaigeuza tena. Wakatazamana. Pembeni ya koki kulikuwa na kijibomba kilichojikunja, ambacho wote waliwahi kukiona na hakuna aliyewahi kukiulizia. Koki ikiwa huku, pumzi inapita moja kwa moja. Ikiwa kule, pumzi inazungushwa kwanza kwenye kile kijibomba, njia inakuwa ndefu zaidi, na tarumbeta nzima inashuka nusu sauti. Waliotengeneza walitaka mtu mmoja apige nyimbo za juu na za chini bila kubeba vyombo viwili. Ukipiga peke yako hujui, kwa sababu nota zote zimeshuka pamoja. Ukikutana na wenzako ndipo unapoumbuka.

"Nani aliyeigeuza?" akauliza Batholomeo.

Nikodemo aliacha kucheka. Akaiona ile jioni ya majivu na ndimu, koleo, na waya mweusi ukiruka jalalani. Marehemu Meshack hakuwa ameziba ufa wowote. Alikuwa amefunga koki isichezechezewe na watu kama yeye.

"Ni urembo wangu," akasema. "Nilitaka ing'ae."

Walimcheka, na akawaacha wamcheke kadiri walivyopenda, maana kucheka kwao kulikuwa kutamu kuliko ule upole waliokuwa wakimwonyesha. Debora hakucheka. Alikuwa ameshafika, vumbi limejaa kwenye nywele, akaukamata mkono wa baba yake.

"Kwa hiyo utapiga wewe?"

"Nani mwingine?" akasema Nikodemo. Gaudence alikuwa tayari amemnyooshea chombo, na katika uwanja ule hapakuwa na mtu aliyefurahi kukitoa mikononi kama yeye.

Kesho yake mjomba alimshika Debora mkono. Nikodemo alisimama mlangoni, koki imefungwa kwa waya mpya alioukaza mwenyewe, akapiga ubeti wa kwanza huku kanisa zima limenyamaza. Mwisho wa ubeti alifumba macho, akingoja. Bendi ikadakia. Sauti ziliingiana vizuri hata akashindwa kutenganisha yake na za wenzake, na kwa mpiga bendi hakuna raha inayozidi hiyo. Alipofumbua macho, binti yake alikuwa anapita mbele yake, shela limetulia, analia na kutabasamu pamoja. Katika picha zote za siku ile yale meno yanaonekana kuliko maua.

Jumapili jioni wageni walikuwa wameondoka. Nyumba ilikuwa tupu kama inavyokuwa nyumba iliyooza mtoto wake wa pekee, na Loisi alikuwa jikoni akiosha masufuria ya kuazima. Nikodemo alichukua tarumbeta, akapiga ule wimbo tena kwa ajili ya kujifurahisha. Akangoja. Jikoni kimya, masufuria tu. Akaacha kupiga, akaenda kusimama mlangoni.

"Mama Debora, mbona leo huimbi?"

"Nitaimbaje? Umeshapanda tena huko kwenu." Loisi alifuta mikono kwenye kanga. "Zile jioni ulikuwa unapita mahali ninapofika. Pale panaponishinda, nilikuwa nagusa. Kabla sijasikia kisa chenu cha koki, nilidhani umeniteremshia mimi makusudi, mzee wangu, nikasema huyu mwanamume ameniwaza."

Nikodemo aliishusha tarumbeta. "Mimi nilidhani unaniimbia kwa huruma."

"Huruma ya nini?" akasema Loisi, na kwa kweli alishangaa. "Nilikuwa naimba kwa sababu naweza."

Nikodemo alikwenda kutafuta koleo. Akaukata waya, ule mpya, akaipindua koki mpaka ikagota, akavuta kigoda akakaa pale pale mlangoni pa jiko, safari hii uso wake umeelekea ndani. Akapiga nota ya kwanza. Loisi hakungoja ubeti wa pili.