Mbweha wa Farasi

Walipofika uwanda wa Saneti, sakitu, umande ulioganda, ilikuwa bado imelala juu ya nyasi, ingawa jua lilikwisha kupanda mahali fulani nyuma ya ukungu. Ruqiya alikuwa amejitanda shuka zito la pamba hadi puani. Mkono mmoja aliuficha ndani, juu ya tumbo la miezi saba.

"Tembea, wifi," alisema Amane, dada wa mumewe, huku akitafuna shayiri ya kukaanga. "Au unangoja nikubebe? Aliyekuoa ni kaka yangu, si mimi."

"Na wewe nani atakuoa, na mdomo huo?"

"Mdomo huu huu ndio utakaomwita farasi."

Farasi wao jike alikuwa amepotea juzi, akiwa karibu kuzaa. Kwao kila mtu alijua pa kuanzia: mtafute mbweha mwekundu. Chakula chake ni mafuko, wale panya wa mashimoni, lakini farasi akikaribia kuzaa humwandama, akingojea kondo la nyuma. Ukimwona mbweha ametulia, farasi hayuko mbali.

Ruqiya hakuja kwa ajili ya farasi. Tangu juzi mtoto hakuwa amecheza tumboni, na hakumwambia mtu. Mimba yake ya kwanza ilimfia ndani asijue. Aliiimbia wiki nzima ilhali imekwisha kufa. Zahanatini wangemwambia kwa maneno, na maneno ndiyo aliyoyaogopa. Bibi yake alikuwa akisema mbweha hamfuati aliyebeba maiti tumboni, humpa kisogo. Basi alikuja apimwe na mbweha.

Walitembea bila kuona kitu. Fuko mmoja alichomoza kichwa shimoni, akarudi ndani upesi kama aliyevutwa. Upepo ukakatika. Ndipo Amane akamshika mkono.

Farasi alisimama kichwa chini, mvuke ukimtoka ubavuni. Nyuma yake mbweha alikuwa ameketi, mwekundu kama chungu kipya, kifua cheupe. Hakuwa akimtazama farasi.

Ruqiya akafungua shuka. Baridi ikampiga tumboni, naye akaiacha impige, harufu yake imfikie mnyama.

Mbweha akainua pua. Kisha akageuka, akampa kisogo.

Ruqiya akaanza kujifunika shuka. Lakini mbweha alikuwa anazunguka tu. Akatokea upande wa pili wa farasi, akaja moja kwa moja, akaketi karibu kiasi cha kuonekana umande kwenye sharubu zake.

Amane akaokota jiwe. "Huyu ana wazimu? Farasi yuko kule."

"Mwache."

"Wifi, anakufuata wewe."

"Najua. Mwache anifuate." Ruqiya alikuwa akicheka, machozi yakimtiririka.

Wakamfunga farasi kamba, wakaanza kushuka. Ruqiya alijibakiza nyuma makusudi. Farasi akaenda, mbweha akabaki na Ruqiya. Ruqiya aliposimama, mbweha naye alisimama. Punde ukungu ukamtoa mbweha wa pili, na nyuma yake wa tatu, bila sauti ya majani.

"Sipendi," Amane alisema. "Farasi ndiye anayezaa leo. Kwako wanataka nini?"

Ruqiya akafungua mdomo ajibu, na kiuno kikambana. Maji ya moto yakamshuka mapajani, yakafuka mvuke juu ya sakitu. Furaha yote ikamganda. Wanyama wale hawakujali mimba. Walijali uzazi.

"Ni miezi saba tu, wifi," Amane alinong'ona.

"Najua."

Utani ulikuwa umemwisha Amane. Alimsogeza farasi akinge baridi, akavua shuka lake, akalitandika chini, akamlaza Ruqiya juu yake.

"Nikikwambia sukuma, sukuma. Usiwatazame hao."

Ruqiya aliwatazama. Madhali walikuwa bado wameketi, hawajampa kisogo, mtoto alikuwa hai.