Mikono ya Jerotich Yashuka Wodini

Jumanne moja ya Julai 1994, saa tatu na nusu asubuhi, mikono ya Jerotich ilichoka kukaa. Jerotich alikuwa mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa nne, ghorofa ya sita ya hospitali moja ya Sydney, akisikiliza mhadhara wa kupapasa tumbo. Tumbo lenyewe lilikuwa la mwanasesere wa mpira. Wagonjwa halisi, wanafunzi walikatazwa kuwagusa. Eti wanachelewesha kazi. Mikono ilivumilia hadi slaidi ya arobaini, kisha ikachomoka viwikoni taratibu, kama waumini wanaokwepa sadaka, ikaingia kwenye lifti.

Wodini alilala Bi Suhaila wa mtaa wa Auburn, mzaliwa wa Tanga, tumbo likimkata siku ya pili. Daktari alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, akasoma karatasi, akasema ni gesi. Saa sita aende nyumbani.

Mikono ikaingia, ikanawishana, ikasuguana ipate joto. Wa kulia ukajilaza kiganjani mwa Bi Suhaila.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Afadhali wewe. Yule mwenye mdomo hakuniamkia."

Ikabonyeza polepole, ikianzia mbali na maumivu, mpaka chini upande wa kulia. Ilipoachia ghafla, Bi Suhaila aliruka, akamtukana shemeji yake aliyekwisha kufa zamani.

Nesi Njeri alizitambua shanga za kwenye kifundo cha mkono. "Hii si ya Jerotich? Aisee, mmetoroka darasa!"

Mkono wa kulia ukaomba kalamu, ukaandika: *Kidole tumbo. Apasuliwe leo.*

"Mwandiko unasomeka," Njeri akasema. "Kweli bado hajawa daktari."

Akamwita mpasuaji. Kufika saa saba kidole tumbo kilikuwa ndani ya kopo, kimevimba. Jioni kingepasuka.

Mikono ikarudi juu. Mwalimu akaandika: Jerotich, zoezi la mwanasesere, sifuri. Tangazo likabandikwa: mikono yote ibaki darasani hadi mhadhara uishe. Kwenye faili la Bi Suhaila iliandikwa kwamba ugonjwa uligunduliwa na daktari wa gesi.

Jumanne iliyofuata ilishuka mikono ishirini na sita. Bi Suhaila, mshono wake wa wiki moja, alikuwa amekuja kwa treni, akajilaza kwenye kitanda kitupu na mfuko wa soksi za wajukuu.

"Pangeni foleni," akasema. "Na mkirudi mvae hizi, baridi hii si ya Tanga. Mkiugua huko juu, nani atawagusa?"