Nguzo Tano za Usingizi

Mwalimu wa darasa la jioni la Kiingereza alikuwa na dini moja tu: kila grafu duniani hupanda, hushuka, kisha hutulia. Aliihubiri kwa mkono mzima. "Ikapandaaa!" na mkono ukaenda juu mpaka vifungo vya shati vikaomba msaada. "Ikaporomoka!" na mkono ukatua mezani, puu. "Ikatuliaaa," na kiganja kikapita hewani polepole kama mtu anayepiga pasi shuka. Waumini wake, watu wazima wenye kazi na watoto, waliitikia kwa mikono yao yote, hata mlinzi wa jengo akawa anachungulia mlangoni kuhakikisha hakuna aliyepagawa.

Hakuna aliyeitikia kwa imani kumshinda Sista. Alikuwa muuguzi wa wodi ya wanaume, na kila asubuhi alichora joto la wagonjwa kwenye karatasi zinazoning'inia miguuni pa vitanda. Homa imepanda, homa imeshuka, homa imetulia, mgonjwa ameanza kulalamikia chakula. Mwalimu alikuwa anaieleza dunia kama Sista anavyoijua.

Ibada hiyo ilikuwa na sababu. Mumewe alikuwa ametangulia ng'ambo kikazi, akaondoka na binti yao, Kijino, aliyebatizwa hivyo tangu jino la kwanza lilipochomoza peke yake kama kigingi. Sista angefuata baada ya miezi michache, mara tu apate cheti cha Kiingereza. Kusoma, alifaulu. Kusikiliza, alifaulu. Kuongea, alifaulu mpaka mtahini akacheka. Kuandika, akakwama kwa nusu alama. Akarudia, akakwama palepale. Miezi michache ikawa mingi, na sasa hospitali ya kule iliyomshikia kazi ilikuwa imesema, kwa ule upole unaotisha, kwamba haitangoja mtihani mwingine. Bila kazi hakuna kibali. Bila kibali, angeendelea kuwa mama wa kwenye simu.

"Safari hii hiyo nusu tunaing'oa kwa koleo," fundi umeme alimwambia nje ya ukumbi wa mtihani. Ndiye aliyekuwa jirani yake wa dawati darasani, na siku hiyo alikuwa na penseli nyuma ya kila sikio. "Ukifika huko, dada, nifungie baridi kidogo kwenye chupa."

"Faulu, uifuate mwenyewe."

"Nikifaulu mimi, mwalimu ajengewe sanamu. Mkono juu!"

Wakacheka, wakaingia.

Ndani kulikuwa na feni inayozunguka kwa kusitasita na msimamizi kijana ambaye viatu vyake vililia kama bata. Karatasi zikafunuliwa. Swali la kwanza: eleza grafu hii. Nguzo tano zilikuwa zimesimama mstari mmoja, kila moja na kazi yake chini: waoka mikate, madereva, walimu, wauguzi, walinzi. Urefu wa nguzo ulikuwa saa za usingizi kwa siku. Ya wauguzi ilikuwa fupi kuliko zote. Ya walinzi ilikuwa ndefu kuliko zote, jambo ambalo halikumshangaza mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ya usiku hospitalini.

Sista akaandika. Mkono ulikwenda wenyewe. Usingizi, aliandika kwa Kiingereza safi, ulianza chini kwa waoka mikate, ukapanda kwa kasi hadi kwa madereva, ukapanda taratibu hadi kwa walimu, ukaporomoka vibaya kwa wauguzi, kisha ukapata nafuu ya ghafla na kufikia kilele kwa walinzi. Aliisoma tena, akajisikia mtu. Akahamia insha, akaimaliza pia, na muda ukabaki.

Ndipo akarudi kujaza pengo aliloliacha kwenye sentensi ya kwanza. Mwalimu alisisitiza: anza na miaka, kuanzia mwaka gani hadi mwaka gani. Akatafuta mwaka chini ya nguzo. Akatafuta pembeni. Akageuza karatasi, kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa.

Hakukuwa na mwaka.

Akazitazama nguzo upya. Hapa hakuna kilichopanda. Waoka mikate hawakuinuka wakawa madereva. Hawa walikuwa watu watano kwenye vitanda vitano. Yeye alikuwa amepima joto la kitanda cha kwanza, akapima la kitanda cha pili, akayaunganisha kwa mstari, akatangaza kwamba homa imepanda. Wodini, mwanafunzi ambaye angefanya hivyo angelia mbele yake kabla ya saa ya chai.

Akashika kifutio. Akafuta "ukapanda". Akafuta "ukaporomoka". Lakini maneno hayo ndiyo yaliyokuwa mifupa ya maelezo yote, na alipoyatoa hakukubaki mwili. Akafuta kwa nguvu zaidi, karatasi ikachanika.

"Kalamu chini," msimamizi akasema.

"Baba, dakika moja tu."

"Kalamu chini, mama."

Viatu vikaja vikilia, kwaa, kwaa, vikaondoka na karatasi yenye tundu.

Nje, fundi umeme alikuwa anang'aa. "Zangu zimepanda zote, dada! Nimewapandisha walinzi mpaka dari. Zako je?"

Sista alizitazama zile penseli zake mbili. "Zimepanda," akasema.

Jioni akapiga simu ya video. Mumewe alimsoma usoni. "Vipi, Mama Kijino?"

Akamweleza yote, hadi tundu.

"Labda watakuonea huruma."

"Hawaoni uso wangu. Wanaona karatasi."

Kijino, aliyekuwa anasikiliza chini ya meza, akaibuka na Kiswahili chake ambacho siku hizi kilikuwa kinapita puani. "Mama, sasa mlinzi atapandaje? Si ni mtu mwingine?" Akacheka mpaka akakohoa. "Sisi hizo tulishachora shule! Ngoja!"

Akakimbia, akabandua karatasi mlangoni pa friji, akaisogeza kwenye kamera mpaka ikawa rangi tupu. Baba akairudisha nyuma. Zilikuwa nguzo za kalamu za rangi: kila mtoto wa darasa na idadi ya watu wa nyumbani kwake.

"Isome kama ya mtihani, mama. Kwa Kiingereza."

Sista akaisoma, bila kuinua mkono. Grafu inaonyesha watu wanaoishi katika kila nyumba. Nyumba ya rafiki yako ina wengi kuliko zote, sita. Zinazofuata zina watano na wanne. Nyumba yako ina wachache kuliko zote, wawili.

"Umepata yote!" Kijino akapiga makofi. Kisha akaweka kidole kwenye weupe juu ya nguzo yake fupi. "Hapa nimeacha nafasi. Ukija, yangu itapanda. Kweli, eeh?"

Baba akageuza uso pembeni.

"Irudishe kwenye friji, mama yangu," Sista akasema. "Isije ikakunjika."