Bahasha ya Kijani

"Soma tena hapo pa mapato," Bi Yurick alisema, akisogeza kiti mpaka magoti yake yakagusa meza. "Leo sauti yako iko chini kama ya padri mwenye mafua."

Dolores Wasko akasoma tena. Tangu Jumatatu alikuwa amejaza fomu thelathini na moja za wazee wanaoomba kurejeshewa kodi ya nyumba, na macho yalikuwa yanamwasha. Miaka ishirini na miwili alikuwa karani wa ofisi ya mbunge wa jimbo pale Lattner, mji wa milimani ambao makaa ya mawe yaliuacha zamani, ukabaki na makanisa manne na wazee wengi. Wabunge watatu walikuja wakaenda. Meza ilikuwa ile ile.

"Weka sahihi hapa. Tarehe ishirini na nne tunafunga kwa sikukuu, kwa hiyo umewahi."

Bi Yurick aliandika jina lake polepole, herufi moja moja. Alipomaliza aliielekeza kalamu ukutani, kwenye picha ya Oktoba. Mheshimiwa Brogan, mbunge wa sasa, alikuwa ameshika upande mmoja wa hundi ya kadibodi yenye urefu wa mlango, anacheka. Upande wa pili alikuwa Stash Petrilla, nahodha wa kikosi cha kujitolea cha ambulensi.

"Yule kijana Brogan katufaa," akasema bibi. "Maana ile bahasha ya kijani ya ambulensi, miaka yote natia dola ishirini, hata mwaka ule paa langu lilipovuja. Mwaka huu serikali imewapa. Zangu nitamnunulia mjukuu soksi."

Dolores aliichukua fomu, akaipiga muhuri.

Alikuwa anajua jambo ambalo Lattner nzima haikulijua. Picha ile ilipigwa kabla ya bajeti kupitishwa, wiki tatu kabla ya uchaguzi. Usiku wa mwisho wa mjadala, Seneti iliufuta mstari wa fedha za ambulensi ya Lattner, na hundi ikabaki kadibodi. Brogan hakuwa mwongo. Alikuwa na haraka tu, na haraka yake ilimrudisha bungeni. Ofisini amri ilikuwa moja: asiseme mtu mpaka Mheshimiwa apate namna ya kulisema.

Namna haikuwa imepatikana. Na leo saa kumi alasiri taarifa ya Desemba kwa wananchi ilitakiwa iwe kwa mchapaji. Ingeingia kwenye masanduku ya barua wiki ile ile moja na bahasha za kijani, zile ambazo kila nyumba hurudisha na chochote ilichonacho. Hizo ndizo mafuta ya gari, ndizo oksijeni, ndizo matairi ya theluji. Watu wakiiona tena ile hundi, bahasha zitaishia jikoni kuwashia moto.

Bi Yurick alikuwa bado anahangaika na vifungo vya koti lake mlangoni Stash alipoingia, amekumbatia boksi, buti zimejaa theluji.

"Dada Dolores! Mbona umezeeka tangu juzi?"

"Na wewe ujana umeuanza lini? Futa miguu."

Alifuta kidogo, akatua boksi kaunta. "Nimekuletea bahasha chache za hapo mezani. Hizi nyingine, kusema kweli, nilitaka nisizipeleke posta mwaka huu. Naona haya. Unaombaje na umeshashiba?"

"Gari linaendeleaje?"

"Gia ya pili inakataa. Jana tumempandisha mgonjwa kilima cha Mtakatifu Kasimiri, badala ya kumwombea mgonjwa nikawa naliombea gari." Akacheka mwenyewe. "Si neno. Jipya linakuja, au sio?"

Dolores alimtazama. Mikono hii, yenye kucha za mafundi, ndiyo iliyomnyanyua mumewe Walter sakafuni jikoni, dakika tisa baada ya simu. Walter aliishi miaka minne zaidi. Miaka minne ya kugombana kuhusu chumvi. Leo angeitoa pensheni yote apate hata wiki moja ya ugomvi ule.

"Zipeleke posta, Stash," akasema. "Zote."

"Kwani kuna nini?"

"Nimesema zipeleke. Leo hii."

Stash alisimama na kofia mkononi. Halafu akatazama picha ukutani, akamtazama Dolores, na uso ukamshuka. Alibeba boksi lake akatoka, na safari hii hakufanya mzaha wowote.

Saa tisa na nusu Brogan alipiga simu kutoka makao makuu ya jimbo.

"Mama Dolores, taarifa imefika wapi?"

"Sikukuu tayari. Kodi tayari, nimeandika mwisho ni tarehe thelathini na moja, kwa herufi kubwa. Imebaki sehemu ya fedha za mji."

"Weka ile picha ya hundi. Chini yake andika tunaendelea kupigania."

"Watu watadhani hela zipo."

"Sijasema zipo."

"Picha inasema, Mheshimiwa."

Brogan alishusha pumzi. "Mama, mimi sitaki kumdanganya mtu. Ila tufunike kombe mwanaharamu apite. Mwezi wa tatu naurudisha ule mstari, naapa. Wakijua sasa hivi nitauweka wapi uso wangu?"

"Mwezi wa tatu ile gia itakuwa imeshakufa. Ngoja nikusomee nilichoandika."

Na akasoma, kwa sauti ile ile aliyowasomea wazee fomu zao: "Fedha za ambulensi mpya hazikupatikana. Nilishika hundi mapema mno, na kosa ni langu. Wiki hii utapata bahasha ya kijani. Tafadhali usiitupe."

Kwa mbali, upande wa pili, mtu alikuwa anacheka kwenye korido.

"Na picha?" Brogan akauliza hatimaye.

"Nimetia ile ulipokuwa unakunja pierogi, zile sambusa za kuchemsha, na akina mama wa kanisa. Aproni ilikukaa vizuri, ingawa zako zote zilipasuka kwenye maji."

Hakucheka. "Nimechoka, Mama Dolores."

"Tumechoka wote, baba."

"Sikiliza. Hayo uliyosoma sikuyasikia. Simu ilikatika. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Simu ikakatika kweli. Dolores alikaa na mkono kwenye kipokezi. Kukiwa na kelele, kosa litakuwa la karani, na karani alikuwa na miezi minane tu kufika kustaafu. Alijua hivyo, na Brogan alijua. Aliogopa, na uchovu haukumpunguzia woga hata kidogo. Saa kumi kasoro dakika tano akaituma taarifa, halafu akaenda kuosha kikombe chake.

Kabla ya kufunga aliitoa ile hundi ya kadibodi nyuma ya kabati. Theluji ilikuwa inaanguka kwa bidii, na kila asubuhi alikuwa anaumia mabega kwa kukwangua barafu kwenye kioo cha gari. Aliifikisha nyumbani imelala juu ya viti, akailaza juu ya kioo cha mbele ili barafu isigande hapo, na kuibana kwa vifuta maji. Ilienea vizuri. Ilikuwa mara ya kwanza ile hundi kumfaa mtu.

Alikuwa anatafuta ufunguo wa mlango aliposikia king'ora. Taa nyekundu zilipita mwisho wa mtaa, zikakata kona, zikaanza kupanda kilima cha Mtakatifu Kasimiri. Injini ilinguruma kwa gia ya kwanza, ikazidi kunguruma, haikubadilika. Dolores aliacha kutafuta. Alisimama barazani, theluji inamwangukia kwenye nywele, akiisikilizia gia ya pili.